Wiki nane, siku kumi au uradi wa alfajiri: njia ipi ya utulivu inayokaa?

Baada ya kumzika baba nilikaa karibu mwaka mzima sipati usingizi. Sikuwa mgonjwa wa kulazwa. Nilienda kazini, nilipika, nilicheka na watu, halafu usiku naangalia dari. Ndipo nilipoanza kusoma kila nilichoweza kupata kutoka kwa watafiti wa utulivu wa ndani: unatoka wapi, na kwa nini kwa mmoja unakaa na kwa mwingine unapita kama manyunyu. Tangu ndugu na majirani wajue nimeyasoma haya, swali ninaloulizwa ni moja tu: "Dada, nianze na ipi?"

Nimeamua kuliandikia jibu. Nitaweka njia tatu kando kwa kando. Ya kwanza ni mafunzo ya wiki nane ya kutulia na pumzi, yaliyoanzia hospitalini Marekani. Ya pili ni kambi ya siku kumi ya kimya, mtindo wa kutafakari wenye asili ya Kibudha uitwao Vipassana. Ya tatu ni ibada ya kurudiarudia ambayo wengi wetu tumeikuta nyumbani tulikozaliwa: uradi, dhikri, au rozari. Nyingine mbili nitazigusa kwa kifupi kwa sababu watu huziulizia.

Tunapima nini hasa

Mtu akisema "niliamka kiroho", mara nyingi anasimulia tukio: nuru, machozi, moyo kufunguka, hofu kuondoka ghafla. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya masimulizi mengi ya namna hiyo kwa mihadhara aliyoitoa Edinburgh, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1902. Aligundua kwamba hali hizo ni fupi: nusu saa, au saa moja hadi mbili kwa kawaida, kisha mtu anarudi alipokuwa. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna maswali mawili, na ukiyachanganya utachagua vibaya. La kwanza: njia hii inaweza kunipa tukio? La pili: baada ya tukio, mwenendo wangu wa kila siku utabadilika?

Imam Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, anaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, jina kubwa kabisa la zama zake. Ulimi ukafunga. Alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kufundisha, neno halikutoka, chakula hakikushuka, na matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Aliacha kazi akaondoka mjini. Alirudi kufundisha mwaka 1106. Watu hupenda kuusimulia ule mwaka wa ulimi kufunga. Mimi hutazama zaidi ile miaka kumi na moja ya katikati, ya upweke, safari na mazoezi ya nafsi.

Ninapolinganisha, basi, naangalia siku ya mia moja. Siku ya kwanza kila njia ni tamu.

Kila moja inakutaka nini

Mafunzo ya wiki nane yaliasisiwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa watu wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao. Kila wiki kuna kikao cha karibu saa mbili na nusu. Nyumbani unafanya mazoezi dakika 45, siku sita kwa wiki. Katikati ya mafunzo kuna siku moja nzima ya kimya. Unalala chali ukipitisha akili kiungo kwa kiungo, kuanzia vidole vya miguu; unakaa ukifuata pumzi; unajinyoosha polepole. Akili ikitoroka unairudisha bila kujigombeza. Ni hilo tu, na ni gumu. Mafunzo rasmi hulipiwa, na bei yake si ya kila mfuko, lakini yapo ya bure kwenye intaneti kwa anayeweza Kiingereza.

Siku kumi ni dunia nyingine. Aliyeeneza mtindo huu ni S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924 katika familia ya Kihindi. Alifika kwa mwalimu wake akitafuta nafuu ya kipandauso kikali. Alianza kufundisha India mwaka 1969. Kambini unaamshwa saa kumi alfajiri na unakaa kutafakari kama saa kumi kwa siku. Huongei, husomi, huandiki, simu unaikabidhi. Siku tatu za mwanzo unaangalia pumzi puani tu. Kuanzia siku ya nne unapitisha akili mwilini ukitazama kila hisia inavyozuka na kufifia. Hakuna ada. Gharama hulipwa na michango ya waliowahi kumaliza, jambo ambalo naliheshimu sana.

Lipo sharti moja ambalo watu wetu hulikuta wakiwa wamekwisha kufika, na linaumiza: muda wote wa kambi unatakiwa usitishe sala na ibada nyingine zote, pamoja na kuhesabu tasbihi. Sababu yao ni kwamba njia ijaribiwe peke yake bila kuchanganywa. Naielewa. Lakini kwa Muislamu wa sala tano hilo si jambo dogo la ratiba, na Mkristo aliyezoea kufungua siku kwa sala ataona kama amevuliwa nguo. Uliza mapema, kwa maandishi, kabla ya kuomba likizo na kukata tiketi.

Uradi na rozari havihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili. Mkeka, shanga, dakika kumi au ishirini. Bei ni kuamka.

Ushahidi hauna uzito sawa

Hapa wiki nane iko mbele kwa mbali, na sababu ni kwamba ni rahisi kuipima: muda unajulikana, mafunzo ni yaleyale, na watu wanaweza kugawanywa kwa kura kati ya wanaofundishwa na wanaosubiri. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 ya kutafakari yenye watu 3,515. Waliona nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Nafuu, si muujiza. Wakaongeza jambo ambalo wauzaji wa mafunzo hulinyamazia: hawakupata ushahidi kwamba kutafakari kunashinda tiba nyingine kama vile dawa au mazoezi ya mwili.

Mwaka 2022 lilichapishwa jaribio jingine, safari hii la watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Nusu walipewa mafunzo ya wiki nane, nusu wakapewa esitalopramu, dawa ambayo madaktari huiandika kila siku. Mwishoni makundi mawili yalikuwa yameshuka wasiwasi kwa kiwango kinacholingana. Kwangu mimi hili ndilo jaribio la kumwonyesha mtu anayeogopa vidonge, na pia anayedhani kutafakari ni mchezo wa matajiri. Ila lisomwe lilivyo: lilipima wiki nane zenye mwalimu na dakika 45 za kila siku. Programu ya simu ya dakika tano ni kitu kingine.

Utasikia pia kwamba wiki nane hubadilisha umbo la ubongo. Tafiti ndogo za mwanzo zilisema hivyo na magazeti yakashangilia. Mwaka 2022 maabara ya Wisconsin, ambayo yenyewe imefanya kazi miongo mingi kuutetea utafiti huu, iliunganisha majaribio mawili yenye watu 218 na haikuona mabadiliko ya umbo yanayowatofautisha waliofundishwa na wengine. Niliwapenda zaidi baada ya kusoma hivyo. Mtu anayechapisha matokeo asiyoyatamani ni wa kuaminiwa.

Ile picha maarufu ya mtawa wa Kibudha amevikwa nyaya kichwani ilitoka maabara hiyohiyo. Mwaka 2004 Richard Davidson na wenzake waliripoti mawimbi ya ubongo yenye nguvu isiyo ya kawaida kwa watawa wanane wa mapokeo ya Tibet. Mawimbi yalitofautiana na ya wengine hata kabla hawajaanza kutafakari, dalili kwamba hali imegeuka kuwa tabia. Hilo ndilo tunalolitafuta sote. Lakini watawa hao walikuwa na saa kati ya 10,000 na 50,000 za mazoezi. Chukua kiwango cha chini kabisa ukigawe kwa dakika 45 za kila siku: ni zaidi ya miaka 36. Kambi ya siku kumi inakupa saa 100. Ni nyingi kwa mkupuo mmoja, na ni asilimia moja tu ya safari ya yule mtawa wa saa 10,000. Zaidi ya hapo, majaribio ya kura juu ya kambi za siku kumi ni machache, na wanaokwenda hujichagua wenyewe: ni watu waliokuwa tayari kubadilika. Simulizi zao nzuri ni za kweli. Hazikuambii tu ni ngapi zingetokea kwa jirani yako.

Na ibada? Mwaka 2001 madaktari wa Pavia, Italia, waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra ya yoga, yaani fungu la maneno ya kurudiarudia. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde kumi, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda sambamba na mawimbi ya asili ya presha. Kinachofanya kazi hiyo ni urefu wa sala yenyewe: anayeongoza anasema nusu, wanaoitikia wanasema nusu, na humo pumzi inapata nafasi ya kutoka yote. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi. Alivuta uradi polepole mno kiasi kwamba sisi watoto tulimaliza na kuanza tena. Alikuwa sahihi yeye. Ukisali mbiombio ili umalize, faida hii ya mwili huipati.

Herbert Benson wa Harvard aliyaona yanayofanana tangu miaka ya 1970. Alianza kwa kuwapima wafuasi wa Maharishi, mwalimu wa kutafakari kutoka India, wanaorudia neno dakika 20 asubuhi na jioni, akakuta matumizi ya oksijeni yakishuka na mwili ukilegea. Hatimaye alihitimisha kwamba neno lolote linafaa, mradi lirudiwe na mawazo yanayoingia yaachwe yapite. Akawashauri wagonjwa wachague maneno ya dini yao wenyewe, maana hayo ndiyo mtu huyashikilia bila kuchoka.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Ushahidi mkubwa kabisa kuhusu dini na afya haupimi sala ya chumbani. Unapima miguu: unakwenda au huendi? Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya wauguzi wa kike 74,534 wa Marekani waliofuatiliwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 33 kulinganisha na wasiohudhuria kabisa. Karibu robo ya tofauti hiyo ilielezwa na kuwa na watu wa kukushika mkono. Wengi wao walikuwa Wakristo weupe, na huu ni ufuatiliaji, si jaribio la kura, kwa hiyo usiupeleke mbali kuliko ulivyo. Hata hivyo unaniambia kwamba anayevuta uradi peke yake amechukua nusu ya mzigo na kuacha nusu nyingine msikitini.

Wapo watakaonikumbusha lile jaribio la mwaka 2006 la wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, ambapo kuombewa na watu wasiowajua hakukupunguza matatizo, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59 dhidi ya 52. Ndiyo, lilikuwepo. Swali lake lilikuwa kama sala ya mgeni inamponya mgonjwa wa mbali. Swali letu ni sala inamfanya nini anayesali. Ni mambo mawili tofauti, na Mungu hapimwi na lolote kati ya hayo.

Madhara, ambayo lazima uyajue

Naomba usiruke sehemu hii. Mwaka 2017 Willoughby Britton na Jared Lindahl wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mahojiano na watafakari wa Kibudha wa nchi za Magharibi waliopitia magumu. Waliorodhesha aina 59 za matukio: hofu kali, kukosa usingizi kabisa, kumbukumbu za zamani kufumuka, kujihisi umejitenga na mwili wako, kutojua tena wewe ni nani. Baadhi yalikwisha baada ya siku chache, mengine yalidumu miaka. Wengi wa waliohojiwa yaliwapata wakiwa kambini au baada ya mazoezi marefu.

Kwa hiyo siku kumi ndiyo njia yenye hatari kubwa zaidi kati ya hizi tatu. Kimya cha siku kumi hakichagui kinachokuja juu. Kama umewahi kusikia sauti, kuugua akili, kupitia ukatili ambao bado unakuamsha usiku, au msiba wako haujatimiza mwaka, usianzie huko. Wiki nane ina hatari ndogo kwa sababu kila wiki unaonana na mwalimu na unalala kwako. Hata hivyo kwa aliyeumizwa mwilini, kule kulala chali na kupitisha akili viungoni kunaweza kufukua mambo. Fungua macho, kaa, au acha.

Ibada nayo ina yake. Watu wa pwani wanamjua mtu wa wasiwasi wa udhu: anaosha, anarudia, anaosha tena, sala inampita. Mtu mwenye mwelekeo huo akipewa uradi wa kuhesabu mara elfu anapewa kamba ya kujifunga. Hatari nyingine ni kubwa zaidi na nimeiona kwa macho yangu: mtu anaambiwa amepona kwa maombi, anaacha dawa za presha au kifafa. Mtu yeyote, awe wa dini au wa sayansi, akikuambia utulivu wa ndani unachukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa, ondoka hapo. Ukitaka kupunguza dawa, aliyekuandikia ndiye wa kukupunguzia.

Zile mbili za pembeni

Uyoga wenye silosibini, kemikali inayogeuza fahamu: mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins waliwapa watu 36, na miezi miwili baadaye kama theluthi mbili walisema ni miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa zaidi maishani mwao. Matokeo hayo ni mazito na siyadharau. Lakini watu hao walichujwa, waliandaliwa kwa vikao kadhaa, na walisimamiwa saa zote hadi dawa iishe. Silosibini iko chini ya marufuku ya kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971. Uyoga wa kununua kwa mtu wa mtaani haumo kwenye ulinganisho wangu.

Daftari la shukrani: kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu yake. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walilijaribu kwa wiki moja tu. Furaha iliongezeka na sonona ikapungua kwa muda wa hadi miezi sita, hasa kwa walioendelea wenyewe baada ya wiki hiyo. Hii nampa mtu aliyechoka kiasi cha kutoweza kuanza lolote.

Nani achukue ipi

Kama unateswa na wasiwasi au maumivu ya muda mrefu, unasoma Kiingereza, na unaweza kujifungia dakika 45 bila mtoto kugonga, chukua wiki nane. Ina ushahidi mwingi, na dini yako haiguswi.

Kama una duka, watoto watatu na saa moja tu isiyo na kelele, usijidanganye na wiki nane. Utaacha wiki ya tatu na kujiona umeshindwa. Chukua uradi au rozari uliyonayo, uipunguze iwe fupi, uisome polepole kwa pumzi ndefu, kisha siku moja au mbili kwa wiki uende ukasali na watu.

Kama mambo yako yametulia, afya ya akili ni imara, na kinachokusumbua ni swali la maana ya maisha, siku kumi zinaweza kukufungulia mlango ambao zile mbili nyingine huenda zikachukua miaka kuufikia. Nenda baada ya kuwa na mazoezi ya kila siku kwa miezi sita hivi, ili ukirudi uwe na mahali pa kukipokea ulichokiona. Asiye na mahali pa kurudi huishia kutafuta kambi nyingine, na nyingine.

Mzani ukilingana, mimi hutazama wapi kuna watu. Harvard wanafuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, wakianza na wanaume 724, na kilichotabiri vizuri zaidi uzee wenye afya ni uhusiano mwema na watu wa karibu katika umri wa miaka 50. Sisi huku tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasali pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka kutoka Gahini, Rwanda, ukaenea Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika. Machozi ya siku ya kwanza yalikauka kama yanavyokauka yote. Lakini Walokole, ndio watu wa uamsho huo, waliendelea kukutana kila wiki, wakiungama mbele ya wenzao waliowajua kwa jina na kuimba wimbo wao wa Tukutendereza, na ushirika huo ulirithiwa na watoto na wajukuu.

Mimi nilimaliza wiki nane. Zoezi la kulala chali nililiacha mwezi wa nne. Kilichobaki ni pumzi niliyojifunza huko, nimeihamishia kwenye uradi baada ya sala ya alfajiri, dakika kumi na tano, mama akiwa kwenye mkeka wa pili. Siku nikichelewa kutoka chumbani, huwa anakuja kunigongea.